Michèle Mouton na Taji Lililobaki Njiani

Msimu wa ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rally ulipofungwa mwaka 1982, jedwali la madereva lilisomeka hivi: Walter Röhrl wa Ujerumani Magharibi, alama 109, Michèle Mouton wa Ufaransa, alama 97, Hannu Mikkola wa Finland, alama 70. Röhrl akabeba taji. Lakini bingwa huyo alikuwa ameshinda mashindano mawili tu mwaka ule, Monte Carlo na Ivory Coast. Mwanamke aliyemfuata alikuwa ameshinda matatu: Ureno, Ugiriki na Brazil.

Kabla ya Mouton na baada yake, hakuna mwanamke mwingine aliyeshika usukani akashinda duru hata moja ya ubingwa huo. Ndiyo maana wengi wakimtaja humtaja kama muujiza, jambo lililotokea mara moja likapita. Mimi siamini miujiza ya namna hiyo. Ukiufuatilia msimu ule duru kwa duru, ukauliza ni nani aliyempa gari, nani aliyelipia matairi na mafundi, na kwa muda gani, muujiza unapungua na sababu zinajitokeza zenyewe.

Wanawake hawakuwa wageni katika mbio za barabara ndefu. Mwaka 1960 Pat Moss wa Uingereza, dada yake Stirling Moss wa mbio za langalanga, alishinda Liège–Rome–Liège akiwa na mwelekezi wake Ann Wisdom ndani ya Austin-Healey 3000. Hayo yalikuwa mashindano ya siku na usiku mfululizo, yaliyoogopwa na madereva wote wa Ulaya, na mwanamke aliwashinda wote. Miaka miwili baadaye, Ewy Rosqvist na Ursula Wirth kutoka Sweden walipeleka Mercedes-Benz 220 SE Argentina, kwenye Gran Premio iliyopita maelfu ya kilomita za vumbi na milima. Wengi hawakuamini kwamba wasichana wale wangefika hata nusu ya njia. Walishinda hatua zote sita.

Hata hivyo, katika mashindano mengi ya zama hizo mwanamke alihesabiwa kwenye karatasi ya pembeni. Palikuwa na kombe la akina mama, lenye jina la Kifaransa Coupe des Dames, na aliyelipata alipigwa picha akiwa ameshika maua. Kombe lile liliwapa wengi sababu ya kuingia, na viwanda vilitoa magari ili jina la gari litajwe mara mbili kwenye magazeti. Lakini lilizoesha watu kumpima mwanamke kwa mwanamke mwenzake tu, ilhali matope na saa za usiku zilikuwa zile zile kwa kila mtu.

Mouton alizaliwa Juni 1951 mjini Grasse, kusini mwa Ufaransa, mji wa manukato. Familia yake ililima mawaridi na yasmini kwa ajili ya viwanda vya hapo. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari anaendesha Citroën 2CV ya baba yake. Alianza kusomea sheria, akaacha. Mwaka 1972 rafiki yake Jean Taibi alimwomba amsaidie kujiandaa kwa mashindano ya Corsica, na mwaka uliofuata akakaa naye kama mwelekezi katika Monte Carlo, duru ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia ulioanzishwa mwaka huo.

Hapo ndipo mzee Pierre Mouton alipoingilia kati. Hakupenda kumwona binti yake amekaa kiti cha pembeni, maisha yake yakiwa mikononi mwa dereva mwingine. Akampa sharti: kama anataka mchezo huu, basi aendeshe mwenyewe. Angemnunulia gari na kumlipia mwaka mmoja, na katika mwaka huo aonyeshe anachoweza. Gari lilikuwa Alpine-Renault A110, dogo, jepesi, la kukaa chini karibu na lami.

Tuutazame vizuri mpango huo. Kijana wa kiume aliyekuwa na kipaji kile kile angeweza kupata gari kwa mwenye gereji, kwa rafiki wa baba, kwa klabu ya mji. Milango ya namna hiyo ilikuwa mingi, hata kama haikuwa wazi kwa kila mvulana. Mbele ya Michèle ulikuwepo mmoja, nao ulikuwa mfuko wa baba yake. Bila mzee yule aliyekuwa tayari kutumia pesa za mawaridi kununua gari la mbio, tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Mwaka 1974 alimaliza wa 12 katika Corsica, kisiwa chenye kona zisizohesabika. Kwa dereva mgeni hayo yalikuwa matokeo makubwa, na minong'ono ikaanza kwamba injini yake si ya kawaida. Wakaguzi wakaikagua, wakaikuta halali. Nimesoma habari za wanawake wengi wa mchezo huu na jambo hili linajirudia sana: mwanaume akienda kasi, anasifiwa mkono wake, mwanamke akienda kasi, linafunguliwa boneti.

Mwaka 1975 alikwenda Le Mans, mbio za saa 24, pamoja na Christine Dacremont na Marianne Hoepfner. Wanawake watatu katika gari moja, na wakashinda daraja la magari ya lita 2. Kisha akapata nafasi ya kuendeshea tawi la Fiat nchini Ufaransa, akakaa huko miaka kadhaa akiliburuza Fiat 131 Abarth, gari zito kwa mikono yoyote. Mwaka 1978 akashinda Tour de France ya magari. Alikuwa dereva kamili, mwenye misuli ya mabega na uzoefu wa miaka, simu ya Audi ilipolia mwaka 1980.

Audi ya wakati ule ilikuwa kampuni yenye wazo jipya. Magari ya mbio yalikuwa yakisukumwa na magurudumu mawili. Wao walitengeneza Quattro, gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, injini ya silinda tano yenye turbo, na nguvu ya zaidi ya farasi 300. Wajuzi wengi walisema gari hilo ni zito mno na mitambo yake itavunjika. Kwa msimu wa 1981 waliwachukua madereva wawili wa kudumu: Hannu Mikkola, dereva mzoefu, na Michèle Mouton. Wapo waliosema Audi wanatafuta picha za magazeti. Labda hata baadhi ya wakubwa wa kiwanda waliwaza hivyo. Lakini walifanya jambo ambalo hakuna kiwanda kingine kilikuwa kimelifanya kwa ukamilifu ule: walimpa mwanamke gari lile lile alilopewa Mikkola, mafundi wa kiwango kile kile, na kalenda ya duru baada ya duru.

Kwenye kiti cha pembeni akakaa Fabrizia Pons kutoka Turin, Italia. Naye alikuwa dereva kabla ya kuwa mwelekezi. Kazi ya mwelekezi haionekani kwenye picha, kwa hiyo niieleze kidogo. Kabla ya mashindano, wawili hao hupita njia nzima polepole na kuandika kila kona: upande gani, kali kiasi gani, mita ngapi hadi inayofuata, kuna jiwe wapi, barabara inainuka wapi na kuficha kilicho mbele. Siku ya mbio, dereva anaendesha kona ambayo bado hajaiona, akiiamini sauti ya mwenzake. Sauti ikichelewa nusu sekunde, gari liko bondeni. Pons alikuwa na utulivu ambao Mouton, mwenye hasira za haraka, aliuhitaji. Miaka mingi baadaye, mwaka 1997, Pons alishinda Monte Carlo akiwa mwelekezi wa Piero Liatti kwenye Subaru, kwa hiyo asije mtu akamwona kama msindikizaji.

Msimu wa 1981 ulianza kwa kuvunjikiwa. Quattro lilikuwa na kasi, lakini lilikuwa changa na magonjwa yake hayakuisha. Ureno walimaliza wa nne. Kisha Oktoba, wakafika Sanremo.

Sanremo ya miaka ile ilikuwa mashindano mawili ndani ya moja: lami ya milima ya Liguria, vumbi jeupe la Toscana, kisha lami tena usiku wa mwisho. Kwenye vumbi, magurudumu manne ya Quattro yalikuwa yakishika barabara pale ambapo wengine waliserereka. Mouton akachukua uongozi. Lakini nyuma yake alikuwepo Ari Vatanen wa Finland kwenye Ford Escort, kijana asiyejua kupunguza mwendo, ambaye mwisho wa mwaka ule angekuwa bingwa wa dunia. Mapumziko ya mwisho yalipofika, tofauti yao ilikuwa sekunde 34 tu, na kilichobaki kilikuwa lami, mahali ambapo Quattro halikuwa na ubora wowote.

Mouton alieleza baadaye jinsi shinikizo lilivyomkaa kifuani saa zile. Kushinda kulikuwa karibu kiasi cha kuguswa, na kila mtu alikuwa akimngojea ateleze. Walipoanza tena usiku, hakuteleza. Aliyekosea ni Vatanen: akaligonga gari lake kwenye jiwe na mbio zake zikaishia hapo kwa upande wa ushindi. Audi nyeupe ikaingia mjini asubuhi ikiwa ya kwanza, Henri Toivonen akiwa wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza mwanamke kushinda duru ya ubingwa wa dunia, na wawili waliokuwa ndani ya gari wote walikuwa wanawake.

Msimu wa 1982 ukaanza kwa ajali. Katika Monte Carlo, Mouton aliteleza kwenye barafu na kugonga ukuta wa nyumba kijijini. Yeye aliumia goti, Pons akaumia kichwa. Sweden, wa tano. Ureno, mwezi Machi, akashinda. Corsica, kwenye lami ya kona, wa saba. Kisha Ugiriki, Acropolis, mawe na joto la Juni linaloyeyusha shokapu na matumaini ya watu: akashinda tena. New Zealand gari likafa njiani. Brazil, Agosti, magari yakaanguka moja baada ya jingine hata waliofika mwisho wakawa wachache sana, na kati ya waliobaki yeye na Röhrl wakapigana siku baada ya siku. Akashinda kwa mara ya tatu.

Röhrl hakuwa na Quattro. Alikuwa na Opel Ascona 400, gari la magurudumu mawili, na silaha yake ilikuwa kutokukosea. Yeye alimaliza karibu kila mahali: wa pili katika Safari Rally yetu mwaka ule, nyuma ya Shekhar Mehta wa Kenya, wa tatu huku, wa pili kule. Ni dereva mkubwa, na haki yake hatumnyimi. Lakini yeye mwenyewe alitamka wazi kwamba kushindwa na Mikkola angelikubali, ila kushindwa na Mouton asingeweza, na sababu si kwamba alitilia shaka uwezo wake, bali kwamba ni mwanamke. Nashukuru kwamba alisema. Wengine waliwaza hivyo hivyo wakanyamaza, na ukimya wao ulikuwa mgumu kujibu kuliko maneno yake.

Wapo pia waliosema ni gari. Hoja hii inastahili jibu la hesabu. Mwaka 1982 Audi Quattro lilishinda duru 7. Mikkola alishinda mbili. Stig Blomqvist, mmoja wa madereva bora waliowahi kuzaliwa Sweden, alishinda mbili. Mouton alishinda tatu. Mikkola, mwenye gari lile lile kutoka karakana ile ile, alimaliza msimu akiwa nyuma yake kwa alama 27. Gari lilikuwa zuri, hakuna anayekataa, na uzuri wake ulikuwa kwa wote waliolikalia.

Baada ya Sanremo, ambako safari hii alimaliza wa nne, zilibaki duru mbili: Ivory Coast na Uingereza. Ivory Coast ilikuwa ndugu wa Safari: maelfu ya kilomita za udongo mwekundu, misitu, vumbi, na barabara ambazo watu wengine nao wanazitumia. Mashindano haya yalikuwa na sifa ya ukatili. Mwaka 1972, yakiwa bado yanaitwa Bandama, hakuna gari hata moja lililomaliza. Röhrl aliongoza kwa alama, lakini nafasi ya Mouton ilikuwa hai kabisa. Kama angeshinda Ivory Coast, na kisha akapata ile nafasi ya pili aliyokuja kuipata Uingereza, taji lingekuwa lake.

Ndipo zikamfikia habari, mbio zikiwa zinakaribia kuanza: baba yake amefariki. Mzee Pierre alikuwa anaugua saratani. Yule aliyemnunulia Alpine, aliyempa mwaka mmoja, alikwenda siku ambazo binti yake alikuwa hatua mbili kutoka ubingwa wa dunia. Kutoka nyumbani ikaja kauli kwamba aendeshe, kwa kuwa ndivyo baba alivyotaka. Akavaa helmeti akaendesha.

Na aliendesha namna ya kutisha. Siku za mwanzo aliwaacha wote, Röhrl akiwa nyuma yake kwa muda unaohesabiwa kwa dakika nyingi, si sekunde. Katika mbio ndefu za Afrika, uongozi wa namna hiyo humfanya dereva apumue, aanze kulilinda gari. Lakini Quattro likaanza kuugua. Sanduku la gia likasumbua, mafundi wakafanya kazi kwa mikono inayotetemeka, dakika zikamwagika. Kila kituo Opel ilikuwa karibu zaidi. Kisha injini nayo ikakataa kuwaka vizuri, muda mwingine ukapotea. Siku ya mwisho, akijaribu kurudisha kilichopotea, wakaingia kwenye ukungu. Barabara ikapinda mahali macho hayakuona, gari likatoka njiani na kupinduka. Walilirudisha barabarani wakaenda kidogo, lakini lilikuwa limekwisha. Röhrl akashinda mashindano, na taji likaenda naye.

Mtu aliyepoteza baba na ubingwa katika juma moja angesamehewa kukaa nyumbani. Mouton alikwenda Uingereza Novemba na kumaliza wa pili nyuma ya Mikkola. Mwaka ule Audi ililipata taji la viwanda. Ushindi wake mara tatu ndio uliobeba mzigo mkubwa wa taji hilo.

Mwaka uliofuata alikuja kwetu. Safari Rally ya 1983 ilipoondoka Nairobi wakati wa Pasaka, Mouton na Pons walikuwa ndani ya moja ya Quattro za kiwanda. Safari ya miaka ile haikufanana na ya Naivasha ya leo. Zilikuwa kama kilomita 5,000 za barabara zilizo wazi, ambako dereva angeweza kukutana na basi, punda, au twiga katika kona ile ile. Mbele ya kila gari palikuwa na vyuma vya kukinga wanyama, na masika yakiamua kunyesha, udongo mweusi ungeweza kulimeza gari la magurudumu manne kama linavyomezwa la magurudumu mawili, mpaka wanakijiji waje kulisukuma. Mshindi alikuwa Vatanen, na gari lake lilikuwa Opel Ascona 400 la magurudumu mawili. Mikkola akawa wa pili. Mouton akawa wa tatu.

Safari ilikuwa imeshawahi kuona mwanamke katika nafasi hiyo. Mashindano yalianza mwaka 1953, enzi za ukoloni, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1961 Anne Hall wa Uingereza alimaliza wa tatu akiwa na Lucille Cardwell. Mwaka 1962 Pat Moss, kwenye Saab 96 ndogo, naye alimaliza wa tatu. Nawataja kwa sababu katika simulizi za vibarazani kuhusu Safari, utasikia Joginder Singh, utasikia Shekhar Mehta na Björn Waldegård, na ni haki wasifiwe. Wanawake hawa hawatajwi. Wala hatajwi vya kutosha Bi Orie Rogo Manduli, Mkenya ambaye kizazi cha baadaye kilimjua kwa vilemba vyake na kwa uongozi wake katika Baraza la Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Katika miaka ya 1970 aliingia Safari, mwanamke Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, wakati ambapo Mwafrika yeyote, mwanamume au mwanamke, alikuwa adimu kwenye orodha ya wanaoanza.

Miaka ya Mouton katika ubingwa wa dunia ikaanza kupungua kuanzia 1984, Audi ilipomwita mara chache zaidi. Lakini mwaka 1985 alikwenda Marekani, Pikes Peak, mlima wa Colorado ambao magari huupanda moja moja kuelekea kilele chenye zaidi ya mita 4,300. Kona zake ni 156, na barabara ya wakati ule ilikuwa ya vumbi, bila kingo, upande mmoja mlima na upande mwingine hewa tupu. Wenyeji waliulinda mlima ule kwa wivu. Familia ya Unser ilikuwa imeutawala kwa vizazi. Mouton alifika juu kwa dakika 11 na sekunde 25.39, akavunja rekodi ya Al Unser Jr. Mwanamke, Mfaransa, na gari la Ujerumani.

Mwaka 1986 akaendesha Peugeot 205 Turbo 16 na kuwa bingwa wa Ujerumani. Lakini mwaka ule ulikuwa mweusi. Magari ya kundi B, daraja la juu la rally wakati ule, yalikuwa yamekuwa na nguvu kupita barabara zenyewe. Ureno, gari moja liliingia kwenye umati na kuua watazamaji. Corsica, Mei, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto waliteketea ndani ya Lancia yao. Wakuu wa mchezo wakayapiga marufuku magari yale, na Mouton akaacha mashindano. Mwaka 1988, kwa kumkumbuka Toivonen, yeye na Fredrik Johnsson wakaanzisha Race of Champions, mashindano yanayowakutanisha mabingwa wa aina mbalimbali za mbio katika magari yanayofanana. Tangu 2010 aliongoza Kamati ya Wanawake na Michezo ya Magari ya FIA, shirikisho la dunia la mchezo huu, kwa zaidi ya muongo mmoja.

Katika muda wote huo, na hadi leo, hakuna kiwanda kilichompa mwanamke mwingine gari la kupigania taji kwa msimu mzima. Ndilo jambo ambalo watu hulikwepa wanapouliza kwa nini hajatokea Mouton wa pili. Wanataja nguvu za mwili, kana kwamba Fiat 131 lilikuwa baiskeli. Wanataja uoga, na Pikes Peak iko pale pale. Jutta Kleinschmidt wa Ujerumani alishinda Dakar mwaka 2001 katika Mitsubishi ya kiwanda; alipopewa gari lenye uwezo wa kushinda, alishinda. Kwetu Afrika Mashariki, Susan Muwonge wa Uganda alikuwa bingwa wa taifa mwaka 2011, mwanamke wa kwanza kulipata taji hilo, akiwashinda wanaume waliokulia katika mchezo.

Kwenye langalanga hali imekuwa ngumu zaidi, kwa kuwa pesa ni nyingi zaidi na njia ni nyembamba zaidi. Lella Lombardi wa Italia alipata nusu alama Hispania mwaka 1975, na mpaka sasa hakuna mwanamke mwingine aliyepata hata sehemu ya alama. Ligi ya wanawake watupu, W Series, ilianza 2019. Jamie Chadwick akaitawala miaka yake yote mitatu ya mashindano, kisha ligi ikasimama mwaka 2022 kwa kukosa fedha. Chadwick, bingwa mara tatu, hakupata kiti cha Formula 3 wala Formula 2, ngazi zinazoelekea langalanga. Mwaka uliofuata F1 Academy, nayo ya wanawake watupu, ikaanza chini ya Susie Wolff, na baadaye ikapata timu za langalanga nyuma yake. Nawatakia heri, lakini naitazama kwa swali lile lile: binti akishinda humo, anapewa nini mwaka unaofuata, na kwa muda gani?

Safari ilirudi kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Juni 2022, Maxine Wahome wa Kenya, akiongozwa na Murage Waigwa kwenye Ford Fiesta Rally3, alipita mchanga wa Naivasha, ule mchanga laini unaoingia injini na kuziba kila kitu, akashinda daraja la WRC3. Lewis Hamilton alimpongeza hadharani. Picha zilizunguka Afrika nzima, wakubwa wakatoa hotuba, na kwa juma zima kila mtu alikuwa shabiki wa wanawake kwenye mbio za magari.

Juu ya Rally3 kuna Rally2, na juu ya Rally2 kuna Rally1, magari yanayopigania ushindi wa jumla, ambayo mwaka ule yaliingizwa na Toyota, Hyundai na Ford peke yao. Kila ngazi ina bei yake, na bei hiyo inapanda kwa kasi kuliko mshahara wa mtu yeyote. Dereva hakui kwa mashindano matatu kwa mwaka kwenye barabara anazozijua. Mouton alikuwa na Alpine ya baba kwa mwaka wa kwanza, Fiat kwa miaka kadhaa, na ndipo Audi ikamkuta tayari. Msichana wa Nairobi, Kampala au Arusha anayeshinda kwa Rally3 anahitaji kampuni ya kumwekea Rally2 pamoja na mafundi, matairi na tiketi za kwenda Finland, Ureno na Ugiriki, msimu mzima na mwingine baada yake, ikiwemo misimu ambayo atagonga ukuta.